Majani ya Matanga ya Barnabas

Petronilla wa boma la jirani hakupiga hodi. Aliingia uani akiwa ameshika kitambaa chake cha kichwa mkononi, na Nabwire, aliyekuwa amekaa mlangoni kwenye jua la asubuhi akingoja kifua chake kitulie, akajua kabla hajaambiwa.

"Barnabas?"

"Barnabas, dada. Sasa hivi tu. Amekunywa uji vijiko viwili, akageukia ukutani, basi."

Nabwire alifanya ishara ya msalaba. Barnabas alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe Okwara, na huu ulikuwa mwezi wa nne tangu alale kitandani, tumbo limejaa maji. Hakuna aliyeshangaa. Hata hivyo vilio vilipoanza ng'ambo ya shamba la mihogo, Nabwire alikuwa kama mtu aliyetua mzigo mmoja na kuonyeshwa mwingine papo hapo.

"Jentrix anakuita," Petronilla akaendelea. Jentrix ndiye aliyekuwa mke wa Barnabas. "Hajalia bado. Amekaa tu anauliza, mama Nabwire yuko wapi, mama Nabwire yuko wapi. Nikamwambia, huyo mama yako akija hapa tutazika maiti mbili."

"Umemwambia hivyo mtu aliyefiwa?"

"Nimesema kwa upole."

Nabwire hakucheka. Siku hizi hata kucheka kulimtaka pumzi ambayo hakuwa nayo ya kutupa.

Katika vijiji vile vilivyo nyuma ya barabara ya Busia kwenda Malaba, mwanamke akifiwa na mume haachwi peke yake. Hukaa chini na kulala chini siku nne, juu ya majani makavu ya migomba, na ubavuni mwake hulala mjane mwingine, mtu mzima aliyekwisha pita njia hiyo. Si dada yake, si mama mzazi, si binti. Mjane. Kazi yake haionekani kubwa: kumshika mkono, kumnywesha maji, kumwambia aoge lini na anyamaze lini, kumkamata kiunoni jeneza linaposhushwa. Nabwire alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na saba, tangu Okwara alipomwacha. Hakuwahi kuitangaza. Aliitwa, akaenda, na jioni alipokuwa akisali rozari yake aliwataja wajane wake mmoja mmoja kwa majina, hata waliokwisha kufa wenyewe.

Na majani nayo yana heshima yake. Kila boma lina mzigo wake, umefungwa kamba, umewekwa juu ya dari ya ghala. Hayaezeki banda, hayawashi moto, hayalazwi mbuzi. Yanangoja. Nyumba isiyo na majani yake ikifiwa inaona aibu, maana huwezi kuazima majani ya matanga ya watu wengine, ni sawa na kuwaazima kifo chao. Kwa hiyo yanakaa darini mvua baada ya mvua, mpaka siku yanapotakiwa.

Miaka miwili nyuma, juu ya majani kama hayo, Nabwire alianza kukohoa. Mara ya kwanza watu walidhani ni moshi. Mara ya pili kifua kilipiga mluzi kama kuku mwenye mafua, na yule mjane mpya ndiye aliyembembeleza yeye. Mara ya tatu walimbeba mikononi kumtoa nje, midomo imekuwa rangi ya zambarau, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Maana kwa watu wa pale, anayekabwa na kifua juu ya majani ya matanga hakabwi bure. Marehemu ndiye anayemkaba, kwa jambo wanalolijua wao wawili. Hakuna aliyemwambia hivyo usoni. Walikuwa wanasogea tu kidogo kwenye benchi la kanisa, upande wa pili, kama watu wanaompisha mtoto ambaye hayupo.

Akaenda hospitali. Walimpima makohozi mara tatu, wakitafuta kifua kikuu, hawakukipata. Wakampima moyo. Mwishoni wakampeleka kwa daktari mmoja mgeni, Okiror, Mteso wa upande wa Uganda, ambaye mwaka uliotangulia alivuka Malaba kwa miguu akiwa na mkoba mmoja. Ndani ya mkoba huo, pamoja na shati na viatu, alikuwa ameokoa mkebe wa biskuti uliojaa vichupa vidogo.

"Nyabo, toa mkono," alisema, kama wanavyomwita mama huko ng'ambo.

Alimdondoshea matone sita kwenye mkono, chini ya kiwiko, akaandika namba kando ya kila tone kwa kalamu ya wino, kisha akachoma kila moja kwa ncha ya sindano, kidogo tu, bila damu.

"Tungoje robo saa. Usijikune."

"Hata ikiwasha?"

"Hata ikiwasha kama moto."

Ikawasha moja tu, ya namba tatu. Nyingine zilikaa kama alivyoziacha, ila ya vumbi la nyumba ilijifanya nyekundu kidogo. Namba tatu ilivimba ikawa kama punje ya mahindi, nyeupe katikati, na wekundu ukaizunguka. Daktari aliigusa kwa kidole, akapuliza hewa.

"Mikono ya wazee mara nyingi hukaa kimya," akasema. "Ngozi ikizeeka haivimbi upesi. Ya kwako ikivimba hivi, ujue mwili umekasirika kweli."

"Namba tatu ni nini?"

"Kuvu. Ule unga mweusi wa kwenye nyasi na majani makavu yaliyolala mahali penye unyevu."

Nabwire aliutazama ule uvimbe. "Daktari, mimi nimelalia majani hayo miaka kumi na saba, hayajanifanya kitu. Leo nina miaka sitini na mmoja. Ugonjwa wa namna hii si wa watoto?"

"Wengi wanadhani hivyo, hata sisi madaktari. Mzee akikohoa tunasema kifua kikuu, tunasema moyo, tukishindwa tunasema ni uzee, nenda nyumbani. Lakini mwili unaweza kukaa na kitu miaka mingi, kumbe unakisoma polepole. Siku ukimaliza kukisoma, unaanza kupigana nacho. Sisi tunaita aleji. Nayo haiulizi mtu ana miaka mingapi."

"Kwa hiyo si marehemu."

Okiror alimtazama. Ng'ambo ya mpaka alikuwa na marehemu wake wengi, na wengine hakujua hata walipolazwa. "Marehemu hawana nguvu hiyo, nyabo," akasema. "Ni vumbi." Akampa vidonge vya kufungua kifua, akamwambia asilale tena juu ya majani yale, maana safari nyingine pumzi inaweza kukatika isirudi.

Nabwire alirudi nyumbani akiwa mwepesi, na wepesi huo ulidumu siku moja. Alimweleza Petronilla, Petronilla akawaeleza watu wa kisimani, na ilipofika sokoni Amukura habari ilikuwa imekwisha kuvaa nguo nyingine: hata daktari amethibitisha, mwili wa Nabwire hauwezi majani ya matanga. Watu wakatikisa vichwa. Walikuwa wakilisema tangu zamani. Miaka miwili ikapita, na hakuna mjane aliyemwita tena. Alipumzika, kama walivyosema, na pumziko hilo lilimchosha kuliko kazi.

Sasa Jentrix alikuwa anamwita. Na katika maiti zote za Busia, hii ndiyo iliyokuwa mbaya kwake.

Okwara alipokufa, baada ya matanga Barnabas alikuja na wazee na kigoda chake, kumrithi mke wa kaka yake kama ilivyokuwa desturi. Nabwire alikataa. Alisema ameahidi mbele ya altare kwa mume mmoja na ahadi hiyo inamtosha. Alisema kwa adabu, lakini mbele ya watu, na Barnabas akarudi na kigoda chake mkononi, kijiji kizima kikimtazama. Miaka mitano hakumsalimu. Baadaye akaanza kumsalimu, na Jentrix alipokuja kuolewa alikuwa akitumwa kumletea sukuma wiki na maziwa, lakini mambo ya namna ile watu hawayasahau. Wanayaweka.

"Ukienda utakohoa," Petronilla akasema, kama aliyekuwa akimsoma. "Ukikohoa watasema ni wewe uliyemmaliza. Usipoenda watasema ulimchukia mpaka mwisho, na kwa hiyo ni wewe uliyemmaliza. Mimi ningekuwa wewe ningekufa leo hii niwakomeshe."

"Nipe mkono niinuke."

"Dada, nimesema kwa mzaha."

"Mimi sina mzaha. Mtoto ananiita."

Jentrix alikuwa na miaka arobaini, lakini kwa Nabwire alikuwa mtoto. Akameza vidonge viwili, akachukua kitenge na rozari, akafunga mlango. Njia ya kufika kule ni fupi, mtu hamalizi hata fungu moja la rozari kwa mwendo wa ujanani. Yeye alisimama mara tatu, mkono begani mwa Petronilla, na mara zote tatu alijifanya anatazama mihogo.

Uani wanaume walikuwa wamekwisha kupanga mabenchi. Mzee Egesa, mkubwa wa ukoo, ambaye ndiye aliyesimamia mazishi yote ya pale, alikuwa amekaa karibu na mlango na fimbo yake katikati ya magoti.

"Mama Nabwire. Kumbe umekuja."

"Nimekuja, mzee."

"Vizuri. Ni vizuri mtu asijifiche." Kisha akatazama pembeni.

Ndani, Jentrix alikuwa amekaa sakafuni katikati ya chumba cha mbele, miguu imenyooshwa, macho makavu. Barnabas alikuwa amelazwa chumba cha pili, mlango umefungwa kwa shuka. Wanawake wawili ndio kwanza walikuwa wanaingiza majani. Barnabas katika ugonjwa wake alikataa kabisa mzigo ule ubadilishwe. "Mnanikatia majani na mimi bado ninapumua?" alikuwa akisema, na nani angembishia. Kwa hiyo yalikuwa majani ya tangu baba yake azikwe, miaka kumi na kitu, na kamba ilipofunguliwa harufu ya kikapu kilichosahauliwa ikajaa chumba. Katika mwanga wa dirisha Nabwire aliuona unga mweusi ukipanda taratibu, bila haraka, kama kitu kilichokuwa kinamjua.

Ilimpasa abaki mlangoni. Daktari alikuwa amemwambia wazi. Lakini Jentrix aliinua mikono yote miwili na kusema, "Mama," na hapo ndipo machozi yalipomtoka, na mdomo ukafunguka, na kilio kikaja. Nabwire akaingia. Akashuka chini polepole, goti moja, la pili, akajilaza ubavuni mwake juu ya majani na kumshika.

Ilianza kaakaani, muwasho mdogo. Kisha puani. Alipumua kidogo kidogo kwa mdomo, akijidanganya kwamba vidonge vimekwisha kufika. Akakohoa mara moja ndani ya kitenge, akabana. Akakohoa tena. Halafu kifua kikajifunga kama mdomo wa gunia unapovutwa kamba, na ule mluzi ukatoka, na hakuna kitenge kilichoweza kuuficha.

Kilio chumbani kilikatika. Wanawake waliokuwa wamekaa ukutani wakamtazama.

"Barnabas," mmoja akasema chini chini. "Barnabas, jamani, mwache."

"Ndiyo huyo," mwingine akaitikia.

Mzee Egesa akasimama mlangoni, akaziba mwanga. Sauti yake haikuwa ya ukali. Ilikuwa ya mtu anayetaka kusaidia, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Nabwire. Kama kuna neno kati yako na marehemu, liseme sasa, akuachilie. Liseme tu, mama, likwishe."

Nabwire alikaa na wazo hilo kwa muda, hata yeye baadaye alikiri. Ingekuwa rahisi sana. Neno moja tu, lolote, nilimwapiza, nilimwonea chuki, nao wangemtoa nje, wangechinja kuku, wangemnyunyizia maji, wangemwacha apumzike. Alikuwa amechoka kiasi hicho. Alitafuta pumzi ya kusema, akaipata ya maneno machache.

"Neno liko," akasema. Chumba kizima kikainama. "Nilimkataa. Mchana. Mbele yenu." Akavuta hewa, ikaja nusu. "Lingine hakuna. Hiki... ni kifua."

Akajivuta kwa viwiko kuelekea mlangoni. Hakuna aliyemgusa ila Petronilla, aliyempitia Mzee Egesa ubavuni bila kuomba njia, akamshika makwapani na kumkokota mpaka kwenye kivuli cha ghala.

Alikaa pale, mikono juu ya magoti, mabega yamepanda, akivuta hewa kwa kazi kama mtu anayevuta maji ya kisima kirefu kwa kamba fupi. Petronilla alimpepea kwa kitambaa chake. Jua lilisogea. Watu wageni waliingia uani, wakaambiwa kwa kunong'onezwa, wakatazama upande wa ghala. Ikapita karibu saa nzima ndipo mluzi ukashuka, na rangi ikarudi midomoni. Na kutoka ndani, kila kilio kiliposhuka, sauti ya Jentrix ilisikika ikiuliza kama mama amekwenda.

"Sasa nikurudishe nyumbani," Petronilla akasema.

"Chukua panga. Nikatie majani ya migomba, mabichi."

Petronilla akaacha kupepea. "Mabichi? Dada, yale ni ya maiti."

Ndivyo ilivyokuwa. Majani mabichi hulazwa mtu aliyekufa, apate ubaridi wakati jeneza linasubiriwa. Hata sasa Barnabas alikuwa amelala juu yake kule ndani. Mtu anayepumua hakai hapo.

"Najua ni ya nani," Nabwire akasema. "Hayana vumbi."

"Watasema unajitabiria kifo."

"Waseme. Nimechoka kupumua kwa ruhusa ya midomo ya watu. Kata."

Petronilla akaenda kwenye migomba akinung'unika kwa sauti ya kusikika na uani wote. Akarudi na majani mapana saba, yanang'aa, maji yanadondoka kwenye vikonyo. Nabwire alimwonyesha mahali: nje ya mlango wa mbele, chini ya upenu, kichwa karibu na kizingiti.

"Nilitaka kukata sita," Petronilla akasema akiyapanga. "La saba ni la kukufunika ukifa kweli."

Nabwire akajilaza. Ubaridi ulimpanda mgongoni kupitia gauni. Uani wote walikuwa wakimtazama. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni aliinuka, akakung'uta kanga yake, akatoka bila kuaga. Mwingine akamfuata. Mzee Egesa alitikisa kichwa.

"Kazi ya mjane ni ndani, ubavuni mwa mwenzake," akasema. "Huko nje umelala kama nani?"

Nabwire aligeukia mlango. Alinyoosha mkono wa kulia juu ya kizingiti, akaupitisha ndani, kiganja juu, akaita kwa sauti ndogo aliyokuwa nayo.

"Jentrix. Niko hapa. Sijaenda."

Kulikuwa na mchakacho wa majani makavu. Jentrix hakusimama, maana mwenye msiba hasimami wala hatoki mpaka siku ya kuzika. Alijivuta hivyo hivyo kwa makalio, taratibu, mpaka mlangoni, akalala chini, kichwa upande wa ndani wa kizingiti, akaukamata ule mkono kwa mikono yake miwili.

"Mzee, ametoka!" mwanamke mmoja akaita.

Mzee Egesa akainama kutazama. "Ametoka?"

"Hajatoka," Petronilla akasema. "Miguu ndani, kichwa ndani. Lete kamba upime, mzee, kama unaona nadanganya."

Mtu mmoja kwenye benchi la wanaume alicheka, akakatisha kwa kukohoa, kisha akajuta kukohoa. Mzee Egesa alisimama hapo muda mrefu akitafuta katika kichwa chake desturi iliyovunjwa. Mjane alikuwa ndani. Mwenzake alikuwa karibu naye, wameshikana. Mwishoni alisema jambo hilo litazungumzwa na ukoo baada ya matanga, akarudi kwenye kiti chake, na Nabwire akajua litazungumzwa kweli, tena si mara moja.

Vilio vikaanza tena, kwa zamu, kama inavyokuwa. Pale mlangoni Nabwire alipumua. Haikuwa pumzi nzuri. Kila upepo ulipotoka ndani alikohoa kidogo, akageuza uso nje, akangoja. Lakini hewa ilikuwa inaingia na kutoka, naye hakutaka zaidi ya hapo.

"Mama," Jentrix akasema baada ya kitambo, kwa sauti ya chini, ya wao wawili. "Ni kweli ni majani tu?"

"Ni majani tu."

"Naye hukumchukia?"

Nabwire alifikiri. Alikuwa amelala mahali ambapo watu hawalali wakiwa hai, na uongo hapo haukuwa na maana.

"Siku nyingine nilimchukia," akasema. "Nilitubu, nikamchukia tena, nikatubu tena. Siku nyingi zaidi nilikuwa nimechoka tu, sikumfikiri kabisa."

Jentrix alifuta uso kwa bega. Kisha akasema, "Hata mimi," akaweka shavu lake juu ya mkono ule, na uzito wa kichwa ukaulalia wote. Hazikupita dakika nyingi akasinzia, kwa mara ya kwanza, walisema, katika siku tatu.

Nabwire hakuuvuta mkono. Ulikufa ganzi mpaka begani, na chini ya mgongo majani mabichi yalikuwa yameanza kupata joto lake. Zilikuwa zimebaki siku nne. Akafumba macho, akaanza sala kwa mkono wa kushoto, ushanga mmoja kwa kila pumzi, na pale pumzi ilipochelewa, ushanga nao ulingoja.